Daftari la Bunduki Zilizokataliwa

Siku ya kumi na tisa tangu duka lake lifungwe kwa amri ya polisi, Mzee Suleman alifungua mlango wa nyuma akiwa amevaa aproni yake ya ngozi, kana kwamba kuna kazi ndani inamngoja. Sajini Khadeeja alimwamkia, akaingia na sanduku refu jeusi lenye lebo ya kielelezo, akalilaza juu ya meza ya kazi. Nje malori ya viwanda vya Jacobs, kusini mwa Durban, yalikuwa yakinguruma, na harufu ya rangi kutoka kiwanda cha jirani ilipenya hadi humo. Wafeeqa, binti wa mzee, aliyekuwa akishika vitabu vya duka kwa miaka kumi na nane, alisimama kando ya sefu amefumbata mikono.

"Hii ndiyo wanayosema nimeiiba?" mzee aliuliza.

"Hii ndiyo wanayosema umeiacha," Khadeeja alijibu. "Wanayosema umeiiba haijaonekana."

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kuisimulia. Daktari Léonard, mtu wa Bukavu aliyekuwa na zahanati Westville, alifariki mwezi wa pili akaacha mke, Matilda, na bunduki moja ya kale: ya mitutu miwili, imetengenezwa Liège kabla ya vita vya kwanza, na fundi aliyekuwa akitoa bunduki chache tu kwa mwaka. Sheria inataka silaha ya marehemu ihifadhiwe kwa muuzaji mwenye leseni hadi mirathi ikamilike. Msimamizi wa mirathi alikuwa Josias, rafiki wa daktari tangu ujana. Aliichukua nyumbani kwa mjane, akaiweka kwenye sefu yake wiki tatu akisubiri karatasi, kisha tarehe nne mwezi wa tatu akaileta Jacobs. Mwisho wa mwezi huo mtaalamu wa mnada alishuka kutoka Johannesburg kuja kuikadiria. Aliishika dakika mbili, akairudisha mezani, akasema kwamba namba ni ya bunduki ya thamani lakini chuma ni cha bunduki ya kawaida kabisa. Jioni ileile mlango wa mbele wa duka la Mzee Suleman ukatiwa lakiri.

Kilichomponza mzee ni sifa yake mwenyewe. Katika Durban nzima, mtu aliyetafuta bunduki kuukuu yenye thamani kwa bei chee alielekezwa kwake. Alikuwa na jicho. Kwenye mnada wa shamba moja karibu na Eshowe watu walikuwa wakigombea trekta, yeye akaenda kusimama chini ya dirisha la jikoni, akamwambia mwenye shamba kwamba bomba linaloshikilia pazia lake ni mtutu wa bunduki ya miaka mia na arobaini. Safari nyingine aliagiza piano kuukuu ifunguliwe, kwa sababu sauti moja ya chini ilikuwa inagonga chuma, na ndani ikatoka bastola imefungwa kwenye kitambaa cha mafuta. Wote walisema hivyohivyo: jicho kama lile haliwezi kupitwa. Ikiwa bunduki ya bandia ilikaa kwenye sefu yake karibu mwezi mzima asiseme neno, basi aliyeibadilisha ni yeye.

Khadeeja naye alianza hapohapo. Aligundua kwamba mwezi wa tatu duka liliuza bunduki ya Ubelgiji ya mitutu miwili kwa mtu wa Pietermaritzburg, akapanda barabara ya N3 asubuhi hiyohiyo akidhani kesi imekwisha. Ilikuwa bunduki nyingine, tundu zake nyembamba zaidi, na karatasi zake zilirudi nyuma miaka sitini bila pengo. Baada ya hapo aliwatafuta watu kumi na mmoja waliowahi kumuuzia mzee vitu vyao, akitarajia angalau mmoja ana kinyongo. Kumi walimsifu. Wa kumi na moja alilalamika kwamba mzee anaongea mno. Kila mmoja alieleza kwa namna yake kwamba mzee aliwaambia walichonacho kabla ya kutaja bei.

Tena kulikuwa na jambo la hospitali. Tarehe mbili mwezi wa tatu Mzee Suleman alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Bunduki ilipoletwa alikuwa kitandani hospitalini Chatsworth amefungwa bendeji, na Wafeeqa ndiye aliyeipokea, akalinganisha namba na leseni, akaifungia. Mzee alirudi kazini, lakini daktari wake alimkataza kuinama na kuinua vitu, na sanduku lile halikufunguliwa hadi mtu wa Johannesburg alipokuja. Hivyo jicho lililosifiwa mji mzima halikuwahi kuitazama. Khadeeja alipomweleza mkuu wake kwamba anataka kumwonyesha mshukiwa kielelezo, mkuu alimruhusu kwa sharti kwamba kila kitu kirekodiwe.

Aliiegemeza simu yake kwenye kopo la skrubu, akabonyeza, akataja tarehe na saa na majina ya waliokuwepo. Kisha akafungua sanduku.

Mzee Suleman alinawa mikono, akaifuta, akaivaa miwani. Hakuitazama namba. Aliizungusha bunduki chini ya taa polepole, akapitisha kidole gumba juu ya ubao wa kitako, akarudi tena palepale. Ndipo akaisimamisha, akaielekeza ukutani na kuiweka begani mara tatu, bega la kulia, la kushoto, la kulia.

"Si ya Léonard," alisema.

"Mtaalamu wa mnada ameshasema hivyo. Wewe umejuaje?"

"Léonard alikuwa mashoto."

Alimwita asimame nyuma yake aangalie kitako kutoka juu. Bunduki nzuri, alieleza, haiendi moja kwa moja. Kitako chake hupindishwa kidogo, upana wa kidole tu, ili jicho la mpigaji likae sawa na mtutu. Anayetumia bega la kulia hupindishiwa kulia. Daktari alipoinunua miaka kumi na minne iliyopita aliikuta ya mkono wa kulia, ikawa inampiga shavuni, na Mzee Suleman mwenyewe ndiye aliyeigeuza. Alikizungushia kitako matambara, akakinywesha mafuta ya moto kutwa nzima, akakibana kwenye jiliwa kuelekea kushoto na kukiacha siku tatu. Hii iliyokuwa mezani ilipinda kulia.

Khadeeja aliishika mwenyewe, akaiweka bega la kulia. Ilimkaa kama imepimwa kwake. Akaihamishia kushoto, na mtutu ukapotea pembeni mwa jicho lake. Alirudia, maana alitaka mikono yake iwe na hakika kabla ya kuandika. Miaka kumi na mitano ya kukamata bunduki mitaani, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kitako kina upande.

Kisha mzee akamshika kidole cha shahada, akampitisha ukucha juu ya namba iliyogongwa kwenye chuma. Pale ukucha ulizama kidogo, kama gari linavyoshuka kwenye bonde dogo. Chuma kilikuwa kimesuguliwa kuondoa namba ya zamani kabla ya mpya kugongwa.

"Sawa," Khadeeja alisema. "Hilo linaonyesha imebadilishwa. Halionyeshi kwamba si wewe uliyeibadilisha."

"Ni kweli," mzee akakiri, bila kuudhika.

Wafeeqa ndiye aliyesogea. Alisema kwamba kila silaha inayoingia dukani huipiga picha kaunta, kwa simu, ikiwa imelala, kabla hajaiandika. Polisi walipofunga duka walichukua daftari la mapokezi, lakini hakuna aliyemuuliza habari za picha. Alitafuta tarehe nne mwezi wa tatu, saa nne na dakika kumi asubuhi, akampa Khadeeja simu.

Picha ilikuwa imepigwa kutoka juu. Bunduki imelala, mitutu mbele, kitako nyuma, na kitako kilipinda kulia. Kwenye pembe ya picha ulionekana mkono wa mwanamume mwenye saa ya dhahabu ukitia sahihi daftarini.

Khadeeja aliikuza kwa vidole viwili. "Mkono wa nani?"

"Wa Monsieur Josias," Wafeeqa alisema. "Alikuwa bado hajaondoka."

Basi bunduki ya bandia iliingia dukani ikiwa ya bandia. Khadeeja aliandika hivyo, akachora mstari chini yake. Lakini wakili yeyote angesema kwamba marehemu mwenyewe huenda aliuza ile halisi zamani, na marehemu haulizwi. Alikuwa akilisema hilo alipoona kwamba mzee hamsikilizi. Alikuwa ameinamia kitako tena, kinyume na amri ya daktari wake, akitazama mahali ambapo mistari ya mbao ilijikunja kuwa duara lenye doa jeusi katikati, kama jicho la ng'ombe.

"Mbao hii naijua," alisema. "Niliikataa."

Alienda kwenye rafu ya juu, akateremsha daftari nene lenye jalada la kitambaa, moja kati ya manne. Kila asubuhi kwa miaka ishirini na saba, kabla ya kufungua duka, Mzee Suleman alisoma matangazo ya bunduki zilizotumika, zamani magazetini na siku hizi mitandaoni. Alizozinunua ziliandikwa kwenye vitabu vya serikali. Alizozikataa alizichapisha, akazibandika humu na kuandika kwa nini. Alimweleza Khadeeja kwamba bei chee nyingi ni mitego, na kwamba mtu hajifunzi kwa alizozipata. Hujifunza kwa alizoziacha, akirudi mwaka mmoja baadaye kuona kama alikosea.

Khadeeja alifunua kurasa. Bunduki mia na mia, kila moja na picha yake, tarehe, bei, mji wa muuzaji, na mstari mmoja wa wino wa bluu. Kutu ndani ya mtutu. Muhuri wa uongo. Nzuri, lakini mwenyewe hajui, nimempigia kumwambia. Mtu huyu hakuwa na mwajiri wala mwalimu wa kumsahihishia, na alikuwa amefanya kazi hii peke yake kila siku asubuhi. Khadeeja alikuwa amefanya kazi na maabara zenye kumbukumbu mbovu kuliko hizi.

Waliikuta baada ya nusu saa. Tangazo la wiki ya mwisho ya mwezi wa nne, mwaka uliopita, kutoka Empangeni: bunduki ya mitutu miwili, Ubelgiji, nakshi nzuri, randi elfu mbili na mia tano. Kwenye picha, karibu na mshiko, lilionekana jicho la ng'ombe. Chini mzee alikuwa ameandika: Inafanana na ya Léonard kwa mbali. Skrubu zimechokonolewa. Acha.

Namba ya simu ya muuzaji ilikuwepo. Khadeeja alipiga hapohapo. Alijibiwa na mkulima wa miwa aliyestaafu, mtu wa maneno machache, aliyekumbuka vizuri kwa sababu mnunuzi hakuomba kupunguziwa hata senti. Alilipa mwezi wa tano, na leseni ilipotoka mwezi wa tisa akaja mwenyewe kuichukua. Nakala ya karatasi za uhamisho alikuwa nayo. Aliipiga picha na kuituma kabla Khadeeja hajamaliza kumshukuru.

Jina la mnunuzi lilikuwa la Josias, na anwani yake Westville.

Kutoka Jacobs, Khadeeja aliendesha moja kwa moja hadi kwa mjane. Nyumba ilikuwa juu ya kilima, imezungukwa na miti, na Matilda alimpokea barazani kwa heshima lakini bila tabasamu. Alitaka kujua kama yule mzee wa Jacobs ameshafungwa. Khadeeja aliomba kuona picha za daktari akiwa kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Matilda alileta tatu. Katika zote tatu kitako kilikuwa begani kushoto.

"Ndiyo, alikuwa mashoto," Matilda alisema kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Mama yake alimupiga sana juu ya ile, lakini haikutoka."

Khadeeja akauliza ni lini walipata kujua kwamba daktari ni mgonjwa. Matilda alitazama bustani. Ilikuwa wiki ya Pasaka, mwaka jana. Walikuwa hawajawaambia hata watoto. Aliyejua alikuwa mtu mmoja tu, kwa sababu daktari hakuweza kuendesha gari siku ile ya majibu.

"Nani aliwapeleka?"

"Josias. Josias njo alitupeleka, njo aliturudisha. Alilia kwenye gari kuliko sisi." Aliona Khadeeja ameacha kuandika. "Sajini, iko nini?"

Khadeeja alimwambia kwamba atamweleza yote kesho, na kwamba kwa leo asimpigie simu mtu yeyote. Kisha akaenda kwa hakimu kuomba hati ya upekuzi. Pasaka ya mwaka jana iliangukia wiki moja kabla ya tangazo la Empangeni.

Ofisi ya Josias ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo jipya, safi, yenye kahawa nzuri. Khadeeja alifika kesho yake saa tatu asubuhi na konstebo wawili, akawaacha kwenye ngazi. Josias alimkaribisha kwa upole, akasema ana hakika ukweli utajulikana, maana Mungu halali. Khadeeja alimwomba asaidie jambo dogo tu, kuisoma upya ile hati ya kiapo aliyoiandika dhidi ya Mzee Suleman na kuthibitisha kwamba hakuna cha kubadilisha.

Aliisoma. Hakikuwepo cha kubadilisha.

"Unasema bunduki uliyopeleka Jacobs ilikuwa ya daktari mwenyewe."

"Kabisa."

"Huenda ulikosea? Bunduki za Ubelgiji hufanana."

"Sajini, nimepiga na Léonard miaka kumi na minne. Ile bunduki naijua kama naijua saa yangu." Aligonga ile saa ya dhahabu kwa kidole. "Niliikagua mwenyewe siku ile, kutoka mlango wangu hadi mlango wa duka. Sikukosea."

Alimwomba atie sahihi kwamba amesema hivyo mbele yake leo. Josias akatia. Ndipo Khadeeja akaweka juu ya dawati picha ya Wafeeqa, na kando yake tangazo la Empangeni, na kando yake karatasi ya uhamisho. Alikuwa amejifunza Jacobs kwamba kitu kikiwekwa chini ya taa nzuri hakihitaji kupigiwa debe.

Josias alizitazama moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye jicho la ng'ombe aliinua macho.

"Hii ni bunduki yangu," alisema taratibu. "Nina leseni yake. Iko nyumbani, kwenye sefu."

"Hilo ndilo nililokuja kuona," Khadeeja akasema, na kuwaita konstebo.

Nyumbani kwa Josias, Westville, sefu ilikuwa ukutani, nyuma ya makoti. Ndani yake mlikuwa na bunduki moja ya mitutu miwili, na namba iliyogongwa juu yake ilikuwa ileile ya karatasi ya Empangeni. Mtu wa kawaida angeiona, angelinganisha namba na leseni na kuifunga sefu tena. Khadeeja aliiweka bega la kulia, ikampiga shavuni. Akaihamishia kushoto, na mitutu miwili ikanyooka mbele ya jicho lake hadi mwisho wa ukumbi.

Alipitisha ukucha juu ya namba. Ukazama.

Josias alikaa kwenye kiti bila kuambiwa. Hakukana tena. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayejieleza kwa mhasibu, kwamba Léonard aliipata kwa bei ya kutupa na hakuwahi kujua anachokishika, kwamba alikuwa akiipeleka kwenye mvua. Khadeeja alimsomea haki zake. Walipofika kwenye gari alimuuliza swali moja ambalo halikuwa kwenye orodha yake, kama alimwonea rafiki yake huruma siku ile ya majibu. Josias alisema ndiyo, sana. Khadeeja alimwamini, na hilo ndilo lililomkera hadi kituoni.

Lakiri ya duka la Jacobs ilitolewa siku mbili baadaye. Khadeeja aliitoa kwa mkono wake. Alikuwa bado anasaini karatasi kwenye kaunta Matilda alipoingia, amevaa vitenge vyeusi vya maombolezo, akaja kusimama mbele ya Mzee Suleman. Alisema alimwita mwizi kanisani, mbele ya watu, na kwamba Jumapili atasimama palepale kuyarudisha maneno yake. Mzee alimpa kiti. Alisema majonzi hayamwachi mtu na nguvu ya kuchunguza, na kwamba yeye mwenyewe angekuwa na jicho lake siku bunduki ilipoletwa, wasingefika huku.

Kisha Matilda akasema lile alilokuja kulisema. Kesi ikiisha bunduki itarudishwa, na yeye haitaki nyumbani.

"Baba, ichukue kwa ten thousand. Ikuwe msamaha wangu."

Wafeeqa aliacha kuandika. Khadeeja, ambaye kwa wiki tatu alikuwa amesoma kila alichonunua mzee huyu na kila alichokataa, aliweka kalamu chini.

Mzee Suleman alivua miwani. "Mama, unajua thamani yake?"

"Sijui. Wewe njo unajua."

"Ni zaidi ya randi laki nne." Alisubiri hadi alipoona ameelewa. "Mimi nimetafuta bei chee maisha yangu yote, na napenda kuipata kuliko chakula. Lakini ya mtu mwenye majonzi si bei chee. Ni wizi wenye risiti."

Matilda alianza kulia, si kwa sauti. Mzee alivuta simu ya duka, akapiga namba ya watu wa mnada wa Johannesburg, akangoja ipokewe. Ilipopokewa hakujitambulisha. Aliunyoosha mkono juu ya kaunta, akamkabidhi mama simu.

"Zungumza nao mwenyewe," alisema. "Bunduki ni yako."